Mcheza kwao hutunzwa. Na Kevin Durant je?

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja ameniandikia hivi: "Kocha, salamu. Sisi ni marafiki tunaotazama NBA pamoja, na siku hizi hatusemezani vizuri. Mmoja wetu anasema mataji mawili ya Kevin Durant pale Golden State ni ya kubebwa, kwamba aliwakimbilia watu waliomshinda, na kwamba huku kuhamahama, mara Brooklyn, mara Phoenix, sasa Houston, kumemmaliza. Mimi nasema taji ni taji. Tuamulie: mchezaji akihama timu, heshima yake inapungua? Na je, Durant yuko juu ya Hakeem Olajuwon, yule gwiji wa Houston wa miaka ya 1990, au chini yake?"

Asante, mdogo wangu. Nitakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Mataji ya 2017 na 2018 ni ya Durant, aliyatolea jasho, na yeyote anayeyafuta hakutazama zile fainali. Lakini usimcheke rafiki yako, kwa sababu ana hoja. Shida yake ni kwamba ameipeleka kwenye mwaka ambao si wake. Yeye anamdai Durant mwaka wa 2016. Mimi namdai miaka inayoanza 2019.

Nafundisha mpira wa vikapu katika shule za upili hapa Nairobi, na ubishi huu nausikia kila wiki vijana wakifunga viatu kabla ya mazoezi. Karibu wote huanza na tabia ya mchezaji: ni mwaminifu au si mwaminifu, ana moyo au hana. Mchezo wenyewe huja mwisho, ukija. Nataka tugeuze mpangilio huo, ila kwanza tulimalize suala la uaminifu, maana lisipoondoka mezani halitatuacha tuongee.

Durant hakuchagua Oklahoma City. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 18, alichukuliwa wa pili kwenye drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, na Seattle SuperSonics. Akacheza huko msimu mmoja. Mwaka 2008 wenye timu wakaing'oa timu nzima Seattle wakaipeleka Oklahoma City, na watu wa Seattle waliokuwa nayo tangu 1967 wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2012 timu hiyo ikafika fainali ikiwa na Durant, Russell Westbrook na James Harden, wote wakiwa hawajafika miaka 24. Wakafungwa na Miami mechi nne kwa moja. Ungedhani kikosi kama hicho kingelindwa kama mboni ya jicho. Miezi minne baadaye Harden alikuwa ameshapelekwa Houston kwa sababu hawakuafikiana kuhusu pesa. Juni 2016, Serge Ibaka, yule Mkongo mzuiaji hodari, naye akapelekwa Orlando. Mwezi uliofuata Durant akaondoka. Ukitaka kuhesabu nani alimwacha nani, anza hesabu yako Seattle.

Na usisahau kwamba uaminifu tunaowasifia wazee wa zamani ulikuwa na kufuli. Kwa miaka mingi timu ilimmiliki mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Oscar Robertson, mmoja wa wachezaji bora kuwahi kucheza, alikubali jina lake liongoze kesi ya wachezaji dhidi ya ligi mwaka 1970, na makubaliano yakapatikana 1976. Hapo ndipo mlango ulipoanza kufunguka, na uhuru kamili wa mchezaji aliyemaliza mkataba ukaja 1988. Bill Russell alichukua mataji 11 akiwa Boston, nami namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika, lakini angetaka kuondoka, njia zenyewe zilikuwa haba. Durant ana njia kwa sababu wazee walizipigania. Kumlaumu kwa kuitumia haki hiyo ni kuilaumu kazi ya Robertson.

Sisi wenyewe hapa nyumbani hatufikirii hivyo kuhusu wachezaji wetu. Nenda ukumbi wa Nyayo siku ya mechi za ligi. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi. KPA ni ya mamlaka ya bandari kule Mombasa. Kuna timu za benki na timu za vyuo vikuu. Kijana anacheza chuoni kwa sababu amelipiwa karo, akihitimu anatafuta timu itakayompa ajira, na siku akirudi Nyayo na jezi nyingine wenzake wa zamani humkumbatia pale pale uwanjani. Hakuna anayemwita msaliti. Tunajua kodi ya nyumba ni nini, tunajua mama anasubiri nini kule mashambani. Durant hakuwa na shida ya kodi, sawa, lakini kanuni ni ile ile: mwili ni wake, miaka ya kucheza ni michache.

Nadhani hasira yetu dhidi ya Durant imetoka kwenye soka. Agosti 2012 nahodha wa Arsenal, Robin van Persie, alikwenda Manchester United, na msimu ule ule wa kwanza akafunga mabao 26 na kunyanyua kombe la ligi. Mashabiki wa Arsenal wa jiji hili, na unajua walivyo wengi, bado wanalitaja jina hilo kwa uchungu. Vijana waliokulia kwenye uchungu huo wameuleta kwenye vikapu bila kubadilisha chochote. Ila vikapu vina tofauti moja kubwa. Uwanjani wako watano, na nyota hucheza dakika 38 au 40 kati ya 48. Mtu mmoja akihama, anahama na sehemu kubwa ya timu, na mizani ya ligi nzima inaweza kuinama. Kwa hiyo swali la uaminifu nimelitupa nje, lakini swali la ugumu wa kazi siwezi kulitupa. Hapa rafiki yako anastahili kusikilizwa.

Rudi Mei 2016. Golden State walikuwa wameshinda mechi 73 na kupoteza 9 tu katika msimu wa kawaida, rekodi ambayo haijavunjwa. Oklahoma City wakawabana kwenye fainali ya kanda ya magharibi hadi wakaongoza mechi tatu kwa moja. Walihitaji moja tu, maana anayefikisha nne kwanza ndiye anayepita. Mechi ya sita ilichezwa nyumbani kwao, na zikiwa zimesalia dakika tano hivi walikuwa mbele kwa pointi saba. Kisha Klay Thompson akafanya kile alichofanya. Mitupo 11 ya pointi tatu usiku mmoja, pointi 41, na 19 kati ya hizo katika robo ya mwisho. Upande wa pili Durant alitupa mara 31 na kuingiza 10. Ukiitazama mechi hiyo tena, angalia dakika hizo tano za mwisho: Oklahoma City hawachezeshani tena, kila mmoja anaubeba mpira mwenyewe, anatupa akiwa amekabwa, huku Golden State wakipasiana na kumtafuta aliye wazi. Kama unafundisha vijana, ni mechi ya kuwaonyesha. Mechi ya saba Golden State wakamaliza kazi.

Na hapa ndipo penye mwiba ambao wengi hawautaji. Oklahoma City walitolewa tarehe 30 Mei. Tarehe 19 Juni, siku 20 baadaye, Cleveland ya LeBron James, iliyokuwa nyuma tatu kwa moja dhidi ya Golden State hiyo hiyo, ilishinda mechi ya saba na kuchukua ubingwa. Yaani timu ile ilikuwa inafungika. Mtu mmoja alikuwa ameipiga, tena akitokea shimoni. Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Julai, Durant akatangaza kwamba anajiunga nayo. Kama Golden State wangekuwa hawajawahi kushindwa, watu wangemwelewa upesi zaidi. Kilichowauma ni kwamba swali "Je, Durant anaweza kuwashinda hawa?" lilikuwa bado wazi, na yeye akalifunga kwa kuhamia upande wao. Swali hilo halitajibiwa tena. Hiyo ni hasara ya kweli kwenye historia yake, na hakuna taji linaloifidia. Mwambie rafiki yako kwamba hapo nimekubaliana naye.

Lakini asiseme Golden State ilijengwa kwa hila. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Stephen Curry alichukuliwa wa saba kwenye drafti ya 2009, Thompson wa 11 mwaka 2011, Draymond Green wa 35 mwaka 2012, wachezaji 34 wakiwa wameshachaguliwa kabla yake. Hao ni wachezaji waliokuzwa pale pale. Nafasi ya Durant ilipatikana kwa mambo mawili kukutana. La kwanza, Curry alikuwa akisumbuliwa na vifundo vya miguu mapema katika kazi yake, hivyo mwaka 2012 alikubali mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, pesa ndogo mno kwa mtu ambaye baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo. La pili ni kikomo cha mishahara, yaani kiasi ambacho ligi huiwekea kila timu kwa mishahara ya wachezaji wake. Ligi ilikuwa imesaini mkataba mpya wa televisheni, dola bilioni 24 kwa miaka tisa, ulioanza msimu wa 2016-17. Ligi ilitaka pesa hizo ziingie polepole, chama cha wachezaji kikakataa, na kikomo kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo. Katika mwaka wa kawaida timu yenye nyota watatu haiwezi kumwongeza wa nne wa kiwango kile. Mwaka ule mmoja iliweza, kwa kuwaachilia Harrison Barnes, Andrew Bogut na Festus Ezeli. Ukimlaumu mchezaji kwa kupita mlangoni, walaumu pia waliouacha wazi, yaani ligi na chama chake chenyewe.

Sasa twende uwanjani, maana hapo ndipo hoja ya "kubebwa" inapokufa.

Fainali ya 2017, mechi ya tatu, Cleveland, kwa saa zetu ilikuwa saa kumi alfajiri. Golden State wanaongoza mechi mbili kwa bila, lakini usiku huu wanaelekea kupoteza. LeBron ana pointi 39, Kyrie Irving 38. Zimesalia dakika tatu, Cleveland wako mbele kwa pointi sita. Inafika chini ya dakika moja, 113 kwa 111, bado Cleveland. Kyle Korver, mmoja wa watupaji bora wa zama zile, anapata mpira kona akiwa wazi, anakosa. Mpira uliorudi anauchukua Durant. Hampi Curry. Anapandisha mpira mwenyewe, hatua ndefu bila haraka, LeBron anarudi nyuma akimsubiri, naye anasimama nje kidogo ya mstari wa pointi tatu na kutupa bila pasi hata moja kupigwa. Inaingia. Zimesalia sekunde 45. Cleveland hawakufunga tena. 118 kwa 113. Mtu anayebebwa haombi mpira huo, tena dhidi ya mtu huyo, tena katika uwanja huo.

Alimaliza fainali ile na wastani wa pointi 35 kwa mechi na akawa mchezaji bora wa fainali. Mwaka uliofuata, mechi ya tatu tena, uwanja ule ule, alifunga pointi 43 na akapiga mtupo mwingine wa pointi tatu kutoka mbali zaidi dakika ya mwisho. Mchezaji bora wa fainali kwa mara ya pili. Hayo mataji mawili, yeye ndiye aliyefunga milango.

Najua rafiki yako atakujibu nini, kwa hiyo nikupe jibu lake la nguvu kabla hajalileta. Atasema: Golden State walishinda 2015 kabla ya Durant. Wakashinda 2022 bila Durant, dhidi ya Boston, Curry akiwa mchezaji bora wa fainali. Durant bila Curry hajashinda hata moja. Na ataongeza, kama anajua mchezo, kwamba hata 2017 walinzi wawili walikuwa wakimkimbilia Curry kila alipovuka katikati, na ndiyo maana Durant alipata nafasi pana kuliko alivyowahi kuwa nayo maishani. Yote hayo ni kweli. Timu ilikuwa ya Curry. Durant alikuwa mchezaji wake bora katika fainali mbili, na timu ikabaki ya Curry. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kupigana, ni sisi mashabiki tunaoyalazimisha yapigane.

Tazama pia 2019, ambayo inatoa ushahidi kwa pande zote mbili. Durant aliumia msuli wa mguu mwezi Mei katika mechi ya tano dhidi ya Houston. Wenzake wakaenda Houston wakashinda ya sita bila yeye, kisha wakaifagia Portland nne kwa bila. Pointi kwa rafiki yako. Halafu ikaja Toronto, na bila Durant wakawa nyuma tatu kwa moja. Tarehe 10 Juni akaingia uwanjani akiwa hajacheza kwa mwezi mzima, akafunga pointi 11 katika dakika 12, kisha kano ya Achilles ikakatika. Golden State wakashinda mechi ile kwa pointi moja, wakapoteza iliyofuata, na yeye akakaa nje msimu mzima baada ya hapo. Anayesema alikwenda Golden State kustarehe na aitazame ile robo ya pili, Durant akiwa ameketi sakafuni ameshika kisigino.

Sasa niseme ninachokiamini kuhusu kuhama, na ndicho ningependa mjadili huko Umoja. Mchezaji anayebaki alipozaliwa kimchezo tunamuuliza: ulifanya nini na ulichopewa? Dirk Nowitzki alikaa Dallas misimu 21, akapata taji moja, 2011, na sanamu yake imesimamishwa nje ya uwanja. Tim Duncan alikaa San Antonio misimu 19, mataji matano. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini mchezaji anayehama kwa hiari yake anaulizwa swali lingine, na ni gumu zaidi: ulifanya nini na ulichochagua? Hawezi tena kusema wenye timu hawakumletea watu, kwa sababu watu aliwachagua mwenyewe.

LeBron amelijibu swali hilo kila alipokwenda. Aliondoka Cleveland 2010 kwa tangazo la televisheni lililowaudhi watu hadi wakachoma jezi zake, lakini Miami akachukua mataji mawili, mwenda tezi na omo akarejea ngamani 2014, akawapa Cleveland lile la 2016, kisha Lakers moja mwaka 2020. Kawhi Leonard alikaa Toronto msimu mmoja tu. Msimu mmoja! Ule mtupo wake dhidi ya Philadelphia uligonga chuma mara nne kabla ya kutumbukia, taji likaja, akaondoka, na Toronto bado wanampenda. Kareem Abdul-Jabbar aliomba kuondoka Milwaukee akahamia Lakers 1975, akaongeza mataji matano juu ya moja alilokuwa nalo, na leo kijana gani anakumbuka kwamba aliwahi kuomba kuondoka?

Durant alichagua mara ya kwanza 2016, akajibu kwa mataji mawili. Swali la 2016 limefungwa, na amelijibu vizuri. Halafu 2019 akachagua tena. Akaiacha timu iliyofika fainali tano mfululizo, akaenda Brooklyn na Kyrie Irving kwa sababu walitaka kujenga chao wenyewe. Harden akawafuata Januari 2021. Watatu hao walicheza pamoja mechi 16 tu kwa jumla, ukihesabu na za mchujo wa kutafuta bingwa baada ya msimu wa kawaida. Kulikuwa na majeraha, kulikuwa na Irving kuzuiwa kucheza mechi za nyumbani kwa sababu ya sheria ya chanjo ya New York, kulikuwa na Harden kuomba kuondoka. Si kila kitu kilikuwa juu ya Durant, na ile mechi ya saba dhidi ya Milwaukee mwaka 2021 ni ushahidi wa ukuu wake kuliko taji lolote: dakika zote 53 bila kupumzika, pointi 48, na mtupo wa sekunde ya mwisho ambao ungekuwa wa pointi tatu na wa ushindi kama ncha ya kiatu isingegusa mstari. Ukahesabiwa mbili, wakaenda muda wa ziada, wakafungwa. Siwezi kumhukumu mtu kwa ncha ya kiatu.

Ila namhukumu kwa yaliyofuata. Mwaka 2022 Boston waliifagia Brooklyn nne kwa bila. Kiangazi hicho Durant akaomba kuondoka, akabatilisha, na Februari 2023 akaenda Phoenix. Phoenix walimtoa Mikal Bridges, Cameron Johnson na chaguo nne za raundi ya kwanza za drafti ili wampate, yaani walivunja kikosi kilichokuwa kimefika fainali ya 2021. Wakabadilisha makocha watatu katika miaka mitatu. Mwaka 2024 Minnesota waliwafagia. Mwaka 2025 hawakufika hata mchujo, ushindi 36 na vipigo 46. Kiangazi akaenda Houston. Tangu alipoondoka Golden State hadi alipoondoka Phoenix, timu zake zilishinda raundi mbili tu za mchujo: dhidi ya Boston 2021 na dhidi ya Clippers 2023. Kwa mtu wa kipaji kile, tena aliyekuwa na sauti katika kuchagua wenzake, ni kidogo mno. Na Oklahoma City, waliobaki wakijenga kwa subira, wakachukua taji lao la kwanza tangu wahamie mji ule mwaka huo huo wa 2025.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kuhama hakukumpunguzia heshima. Kilichompunguzia ni kwamba tangu 2019 alichagua mara kadhaa na machaguo hayakuzaa. Alipata nafasi ya kuonyesha kwamba anaweza kuwa nguzo ambayo wengine wanajengwa kuizunguka, kama Curry alivyokuwa kwake, na nguzo hiyo haikusimama. Hata hivyo usiache medali nne za dhahabu za Olimpiki zikasahaulika, 2012, 2016, Tokyo na Paris. Hakuna mwanamume mwingine wa vikapu mwenye nne.

Nikuombe jambo moja kabla ya kufika kwa Hakeem. Mkikutana tena, tazameni mechi nzima, si vipande vya sekunde 30 kwenye simu. Naelewa ni vigumu, mechi nyingi kwetu zinaanza saa tisa au kumi usiku na asubuhi kuna kazi na shule. Basi tazameni marudio Jumamosi. Chukueni mechi ya sita ya 2016 na mechi ya tatu ya 2017, moja baada ya nyingine, na mmoja wenu ahesabu Durant anapokea mpira mara ngapi akiwa na mlinzi mmoja na mara ngapi akiwa na wawili. Mtajifunza zaidi katika saa tano hizo kuliko mwaka mzima wa kutupiana maneno.

Sasa Hakeem. Namweka Hakeem juu, na sisiti. Durant ni mfungaji bora kuliko yeye. Amevuka pointi 30,000 na mtu wa urefu ule mwenye mtupo laini namna ile hajawahi kuonekana. Lakini Hakeem aliutawala uwanja upande wote. Msimu wa 1993-94 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, vyote vitatu katika msimu mmoja, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Katika mechi ya sita ya fainali dhidi ya New York, Houston wakiwa mbele kwa mbili na taji la New York likiwa mtupo mmoja tu mbali, John Starks alitupa tatu ya mwisho na mkono wa Hakeem ukaugusa mpira hewani. Houston wakashinda mechi ile na ya saba. Mwaka uliofuata waliingia mchujo wakiwa wa sita katika kanda yao, wakawatoa Utah walioshinda mechi 60, Phoenix 59, San Antonio 62, kisha wakaifagia Orlando ya Shaquille O'Neal iliyoshinda 57. Hakuna timu iliyoanzia nafasi ya chini kiasi hicho ikachukua ubingwa.

Na jambo hili mlisikie nyote wawili: Hakeem naye aliomba kuondoka Houston mwaka 1992. Alikuwa na ugomvi mkali na wenye timu, na nusura aende. Mataji yote mawili yalikuja baada ya hapo. Baadaye, mwaka 2001, akaenda kumalizia Toronto, na hakuna anayemhesabia msimu huo. Durant akiwapa Houston taji, nitaliandika upya suala hili lote, kwa sababu atakuwa amejibu swali la 2019. Mpaka hapo, kwenye orodha yangu Hakeem yuko miongoni mwa kumi bora wa wakati wote na Durant yuko nje kidogo ya kumi hao, jirani na Dirk na Moses Malone.